Dada, Ufunguo wa Tovuti Yako Uko kwa Nani?



Wapenzi wetu, leo hatuzungumzi singo wala mitindo ya shela. Tunajua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta mambo ya harusi, na In shaa Allah tutarudi huko. Lakini kuna jambo limetukaa moyoni tangu Ramadhani ya mwaka jana, na kila tukikutana na wenzetu wenye biashara tunalikuta kwao vilevile. Swali letu ni hili: dada mwenye tovuti ya biashara, ufunguo wake uko kwa nani?

Hatusemi ule ufunguo wa kuingia na kupandisha picha ya gauni jipya. Huo unao. Tunasema ufunguo wa chumba cha ndani, ile hifadhidata, wengine wanaiita databesi, pale yanapokaa majina ya wateja, namba zao, tarehe za harusi na vipimo vya miili yao. Maoni yetu tunayasema mapema ili asiyeyapenda asipoteze muda: mwanamke mwenye biashara asikubali ufunguo huo ushikwe na mtu mwingine peke yake. Na kazi ya kuunganisha tovuti na hifadhidata, japo mara moja katika maisha yake, aifanye kwa mkono wake.

Yaliyotukuta

Sisi ni mafundi wa nguo za harusi. Tulisoma sekondari, tukaenda kozi ya ushonaji, tukaanza na cherehani moja ya kukanyaga barazani nyumbani. Miaka hiyo vipimo vyetu vilikaa kwenye kaunta buku lenye jalada gumu. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, kutoka bega hadi kisigino. Jioni tukifunga duka tulilichukua daftari lile nyumbani, likalala kabatini pamoja na dhahabu. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Tuliona tu kwamba vipimo vya mtoto wa watu si kitu cha kuachwa mezani.

Kisha biashara ikakua, tukataka tovuti. Kijana mmoja, fundi wa kompyuta, akatutengenezea kwa WordPress. Alifanya kazi nzuri, tukamlipa, tukamshukuru. Ikawa bibi harusi aliye Pemba, Dar es Salaam au Muscat anajaza fomu mwenyewe, vipimo vinatufikia, sisi tunakata kitambaa. Tukaona daftari halina kazi tena. Tukaliweka juu ya kabati likashika vumbi.

Ramadhani ya mwaka jana, tukiwa kwenye kumi la mwisho, asubuhi tulifungua tovuti tukakuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja tu wa Kiingereza, ukisema kuna hitilafu ya kuunganisha na hifadhidata. Hapakuwa na picha, wala fomu, wala kitu. Nyote mnajua Mfunguo Mosi ulivyo kwetu visiwani. Watu wamefunga mwezi mzima, harusi zote zinasubiri Idi ipite. Tulikuwa na mabibi harusi kumi na moja, na vipimo vya saba kati yao vilikuwa ndani ya tovuti peke yake.

Tukampigia fundi, simu haipatikani. Tukaipigia kampuni inayotuwekea tovuti kwenye seva yao. Wakatuuliza akaunti ni ya nani, tukasema ni yetu. Wakatuambia hapana, jina lililoandikwa ni la mtu mwingine na barua pepe ni ya mtu mwingine, hawawezi kutupa kitu. Na kwa kweli walikuwa na haki. Sisi wenyewe tungekasirika kama wangempa kila anayepiga simu.

Tukaanza kuwatafuta mabibi harusi mmoja mmoja. Sita tuliwapata, wakaja kupimwa tena, wengine na swaumu zao, jua la saa nane. Wa saba alikuwa Wete. Namba yake nayo ilikuwa ndani ya fomu. Mama yake ndiye aliyetupata sisi, baada ya siku nne, alipoona kimya. Akatuuliza kwa upole, "Mwanangu, na vipimo vya mtoto wangu navyo vimo humo humo?" Hatukuwa na la kumjibu. Alimpima mwenyewe kwa utepe alioazima kwa jirani, akatusomea kwenye simu, nasi tukakesha.

Gauni lilifika asubuhi ya nikahi. Lilikuwa zuri, lakini mikono ilipungua inchi moja. Kwa nguo nyengine inchi moja si kitu. Kwa gauni la nikahi la binti anayejisitiri, inchi moja ni kifundo cha mkono nje mbele ya watu. Alivaa glavu nyeupe, akasema alhamdulillah, na hadi leo hajatulaumu. Sisi ndio tunaojilaumu.

Fundi tulimpata siku ya tisa. Masikini, hakuwa mwizi. Alipata kazi Bara, akabadilisha laini, na barua pepe aliyofungulia akaunti yetu alikuwa haifungui tena. Kampuni ilihamishia tovuti kwenye seva nyengine, taarifa ya mabadiliko ikatumwa kwenye barua pepe ile, hakuna aliyeisoma. Vipimo havikupotea. Vilikuwepo muda wote, vimefungiwa ndani, na hakuna kati yetu aliyejua mlango uko wapi.

Mlango wenyewe ukoje

Baada ya Idi tulikaa chini na binti wa dada yetu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, tukaamua kuanza upya kwa mikono yetu. Tulifanya usiku baada ya Isha, watoto wamelala. Tuliyoyajua tunawaeleza kwa lugha ya dukani.

Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili. Ya kwanza ni programu yenyewe, mafaili yanayokaa kwenye seva. Hiyo ndiyo cherehani. Ya pili ni hifadhidata, ambayo ni kabati lenye mitoto mingi. Makala zako, bei zako, maoni ya wasomaji, majina ya watumiaji na yale yaliyojazwa kwenye fomu kama yetu, vyote vimo kabatini. Cherehani pekee haijui lolote kuhusu wateja wako. Kila mtu akifungua ukurasa, programu inakwenda kabatini, inatoa kinachotakiwa, inakionyesha. Ikikosa ufunguo wa kabati, inaonyesha ule ukurasa mweupe.

Kabati hilo mara nyingi ni la aina inayoitwa MySQL, au ndugu yake MariaDB. Hapa tulicheka kidogo, kwa sababu tulidhani ni majina magumu ya kitaalamu. Kumbe Mfini mmoja, Michael Widenius, aliyeanzisha MySQL na wenzake mwaka 1995, ana binti anayeitwa My. Mwaka 2009 alipoanza nyengine, akaipa jina la binti yake mdogo, Maria. Makabati yanayotunza siri za dunia nzima yana majina ya watoto wa kike wawili, na sisi wanawake tunasema haya si mambo yetu.

Kazi inaanzia kwenye paneli ya kampuni uliyolipia nafasi. Kuna mambo matatu ya kufanya, na yafanywe yote.

Kwanza, unatengeneza hifadhidata na kuipa jina. Paneli nyingi huongeza jina la akaunti yako mbele. Kama akaunti ni shelazetu nawe ukaandika vipimo, jina kamili litakuwa shelazetu_vipimo, na hilo refu ndilo la kukumbuka.

Pili, unatengeneza mtumiaji wa hifadhidata na nywila yake. Huyu si yule unayeingilia kwenye tovuti kuandika makala. Huyu ni mtumishi wa kabati, kazi yake ni kuipelekea programu vitu. Nywila yake iwe ndefu, iwe mpya, isiwe ile ya barua pepe yako wala mwaka wako wa kuzaliwa.

Tatu, unamkabidhi mtumiaji yule kabati lile na kumpa ruhusa zote. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukitengeneza kabati, ukaajiri mtumishi, halafu usimkabidhi, atasimama mlangoni. Sisi tulikwama hapa usiku mzima wa kwanza.

Ukimaliza, unafungua anwani ya tovuti yako, programu inakuuliza mambo matano: jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, nywila, mahali hifadhidata ilipo, na kiambishi cha majedwali. Matatu ya mwanzo umeshayaandika. La nne mara nyingi ni neno localhost, maana yake kabati na cherehani vimo chumba kimoja, yaani kwenye seva moja. Kampuni nyengine huweka kabati kwenye mashine mbali, basi waulize wakupe anwani yake, usikisie. La tano utalikuta limeshajazwa wp_, ni herufi zinazotangulia jina la kila jedwali. Kama utaweka tovuti mbili kwenye hifadhidata moja, lazima kila moja iwe na herufi zake, la sivyo zitagombana.

Ukibonyeza kuendelea na mambo yakiwa sawa, programu inaandika majibu yako kwenye faili moja linaloitwa wp-config.php. Kisha inakuuliza jina la tovuti na mtu atakayeisimamia, nayo inapanga majedwali 12 ndani ya kabati lako. Huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Ikikataa, usitaharuki. Angalia kama jina la hifadhidata umeliandika kamili pamoja na lile la akaunti. Angalia kama mtumiaji umemkabidhi kabati. Angalia nywila, hasa kama uliinakili kutoka kwenye simu, kwani nafasi moja tupu ikiganda mwishoni inatosha kukufungia nje. Sisi usiku wa pili tatizo lilikuwa hilo, nafasi tupu isiyoonekana kwa macho. Halafu ndiyo uulize kuhusu localhost. Yasipokuwa hayo, waulize kampuni kama seva yao ya hifadhidata inafanya kazi siku hiyo, maana nayo huanguka.

Na jambo moja kubwa. Ndani ya wp-config.php nywila ya kabati imeandikwa wazi, herufi kwa herufi. Kwa upande mmoja ni rehema, kwa sababu ukiisahau unafungua faili hilo kupitia paneli na kuisoma. Kwa upande wa pili ni hatari, kwa sababu kila aliyeingia kwenye mafaili yako naye anaisoma. Basi fundi akimaliza kazi, badilisha nywila ya mtumiaji wa hifadhidata kwenye paneli, kisha weka ileile mpya ndani ya faili. Ukibadilisha upande mmoja tu, ukurasa mweupe unarudi. Tumeshafanya kosa hilo pia, tunawaokoa.

Wanaotupinga

Tumezungumza haya na mashoga zetu wengi, na majibu tunayajua.

Wako wanaosema, hii ni kazi ya fundi, mimi nimlipie nini kama nitafanya mwenyewe? Dada, nasi hatukatai mafundi. Sisi ni mafundi. Bibi harusi anatuachia gauni lake, lakini kitambaa kilichobaki tunamrudishia, na vipimo vyake akivitaka tunampa. Mwache fundi apambe tovuti, aweke rangi, aharakishe kurasa. Lakini akaunti iwe kwa jina lako na barua pepe yako, na siku ya kuunganisha hifadhidata ukae naye bega kwa bega, vidole vyako ndivyo viandike nywila. Fundi mwaminifu hataona vibaya. Atafurahi, kwa sababu siku likitokea jambo hatasingiziwa.

Wako wanaosema, mimi elimu yangu ndogo. Hili linatuuma zaidi, kwa sababu ndilo tulilojiambia wenyewe miaka mitatu. Mwanamke anayeweza kupima mwili, kugawa kwa nne, kuongeza ya mshono, na kukata satini ya bei ghali bila kuiharibu, anashindwaje kujaza visanduku vitano? Tulichokosa hakikuwa akili. Tuliambiwa mapema kwamba kompyuta ni za vijana wa kiume, tukakubali bila kuuliza.

Wako wanaosema, siku hizi kuna kitufe kimoja tu, ukibonyeza programu inajipakia na hifadhidata inajiunganisha yenyewe. Ni kweli, kampuni nyingi wanacho, na hatumkatazi mtu kukitumia. Lakini kitufe hakiondoi ufunguo, kinautengeneza bila ya kukuonyesha. Ukimaliza, nenda ukalisome lile faili, ujue kabati lako linaitwaje. Anayenunua mlango uliokwisha kufungwa kitasa bado anadai funguo zake.

Na wako wanaosema Instagram na WhatsApp zinatosha. Kwa kuonyesha nguo, zinatosha kabisa, nasi tunazitumia kila siku. Lakini pale ni baraza ya mtu. Mwenye baraza akibadilisha sharti au akifunga akaunti yako, huna pa kudai. Hatusemi kila mwenye kuuza mikanda na vilemba awe na tovuti. Tunasema uliyekwisha kuwa nayo usiwe mpangaji ndani ya nyumba uliyoilipia mwenyewe.

Mambo ya sitara

Hapa tunaomba mtusikilize hata nyinyi msio na biashara, nyinyi mabibi harusi wetu.

Tovuti yetu ya zamani ilikuwa na ukurasa wa faragha, wenye nywila, ambapo bibi harusi aliweza kuona picha zake za kujaribu gauni. Baadhi ya picha alikuwa bila mtandio, kwa sababu alijua ni sisi wanawake tu. Tulijiona tumefanya jambo la maana. Tulipoanza kujifunza ndipo tukajua kwamba kwenye WordPress picha hazikai ndani ya hifadhidata. Zinakaa kwenye folda ya mafaili, na hifadhidata ina kumbukumbu yake tu, jina lake na mahali ilipo. Ile nywila inafunga ukurasa. Picha yenyewe, mtu akiwa na anwani yake kamili, anaifungua bila kuulizwa kitu.

Tulishikwa na baridi. Usiku uleule tulizifuta zote, na tukawapigia wenyewe kuwaeleza na kuwaomba radhi. Wawili walikasirika, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo duka letu sasa lina sharti. Picha ya bibi harusi asiyejisitiri haipandi kwenye tovuti kabisa, iwe ya wazi au ya faragha. Fomu inauliza vipimo na herufi mbili za jina, jina kamili linabaki kwenye daftari. Harusi ikipita na nguo ikikubaliwa, vipimo vinafutwa kwenye tovuti ila mwenyewe akiomba vibaki. Na wewe bibi harusi, ukiombwa vipimo vyako kwenye fomu ya duka lolote, una haki ya kumuuliza mwenye duka: nani mwengine anaweza kuviona? Akikwambia "anajua fundi", basi hajui.

Waliotutangulia

Dini yetu haikumwacha mwanamke nje ya kutunza maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mola wetu angetaka mambo ya mali yaendeshwe kwa kuaminiana tu, asingetuamrisha kuandika. Na katika Suratun Nisaa ametuamrisha kufikisha amana kwa wenyewe. Vipimo vya binti ya mtu ni amana. Namba ya simu ni amana. Siku ya Kiyama hatutaulizwa fundi wetu alikuwa nani, tutaulizwa sisi tuliopokea.

Mkumbukeni Bi Khadija, radhiyallahu anha. Alikuwa tajiri mwenye mali inayosafiri hadi Sham, na mali yake alimkabidhi mbora wa waaminifu, Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, kabla ya utume na kabla ya ndoa. Hata hivyo alimtuma Maysara afuatane naye, na aliporudi alimpa habari za safari. Hakuwa na shaka na mtu. Alikuwa mwanamke anayejua mali yake iko wapi.

Na mkumbukeni Bi Hafsa binti Umar, radhiyallahu anhuma. Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar zilipita kwa Sayyidna Umar, kisha zikakaa kwake yeye, mwanamke, nyumbani kwake. Sayyidna Uthman, khalifa wa Waislamu, alipotaka kunakili misahafu, alituma kwake kuziazima, zikanakiliwa, zikarudishwa kwake. Sisi kila tukiisoma habari hii tunaona adabu yote ya kazi imo ndani. Mwenye kujua kunakili aazime, anakili, arudishe. Na mwenye amana ajulikane ni nani.

Kwa wiki hii tu

Hatutaki mfunge ukurasa huu mkasema maneno mazuri, halafu basi. Dada mwenye tovuti, kabla ya Ijumaa ijayo fanya haya.

Iulize kampuni yako akaunti imeandikwa jina la nani na barua pepe gani. Kama si zako, mwite fundi kwa wema mkabadilishe pamoja. Na jina la tovuti yenyewe, lile la kuandikwa kwenye intaneti, uliza vilevile nani amelisajili.

Fungua wp-config.php, uandike kwenye karatasi jina la hifadhidata, mtumiaji, nywila na mahali ilipo. Karatasi hiyo ilale pale zinapolala hati zako na dhahabu yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini ilipo, kwa sababu ajali na mauti havipigi hodi.

Kisha toa nakala ya hifadhidata. Kwenye paneli nyingi kuna kifaa kinaitwa phpMyAdmin, unachagua kabati lako, unabonyeza kuhamisha nje, unapata faili moja. Hilo pamoja na folda ya picha unaviweka kwenye flashi. Sisi tunafanya kila Alkhamisi baada ya kufunga duka. Na flashi hiyo usiiache mezani, ni daftari lile lile kwa umbo jengine.

Daftari letu la zamani tumelipangusa vumbi. Liko mezani tena, na kila bibi harusi anaandikwa mara mbili, mara moja kwenye tovuti na mara moja kwa kalamu. Wateja wengine wanatucheka wakiona tuna kompyuta na bado tunaandika kwa mkono. Tunawaacha wacheke. Yule binti wa Wete alituagiza nguo ya arubaini ya mtoto wake mwezi uliopita, na kabla hatujamuuliza akatuuliza yeye, "Safari hii mmeniandika wapi?" Tulimfungulia daftari tukampiga picha ukurasa wake, akauona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutunza amana, atusitiri duniani na akhera, na awabariki mabibi harusi wetu wa msimu huu katika nyumba zao. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Assalaamu alaykum.